Roald Dahl: Kijana wa Mafuta wa Dar es Salaam Aliyegeuka Rubani wa Vita

Watoto wa nchi nyingi wanamjua Roald Dahl kwa kitabu chake cha kiwanda cha chokoleti, na wazazi wao wanamjua kwa hadithi fupi zenye mwisho wa kushtusha. Ni wachache mno wajuao kwamba kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja uliochapishwa akalipwa, mtu huyu alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, akiuza mafuta ya taa na ya mitambo, na kwamba mahali alipojifunzia kurusha ndege ni hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, katika kiwanja cha Nairobi. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za ujana wake, hasa ile miaka mitatu iliyoanza mwaka 1938 na kumalizikia 1941. Tutayapita upesi mengine, kwani yameandikwa kwingi.

Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, katika mji wa Cardiff, Wales. Wazazi wake wote wawili walikuwa Wanorwei. Baba yake, Harald, alikuwa wakala wa meli na makaa ya mawe, akafanikiwa sana. Jina la Roald alipewa kwa heshima ya Roald Amundsen, yule Mnorwei aliyekuwa mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini ya dunia. Msiba uliijia nyumba hiyo mapema. Mwaka 1920 dada yake mmoja alifariki akiwa na umri wa miaka saba, na wiki chache baadaye baba naye akamfuata. Mama, Sofie Magdalene, angeweza kurudi kwao Norwei; hakurudi, kwa kuwa marehemu mumewe alitaka watoto wasome katika shule za Kiingereza. Basi kijana akapelekwa katika shule za bweni, na huko akakutana na bakora za walimu na za wanafunzi wakubwa, jambo ambalo hakulisahau wala kulisamehe hadi uzeeni.

Alipomaliza masomo mwaka 1934 hakutaka Chuo Kikuu. Alitaka kazi itakayompeleka mbali, akaajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell. Baada ya miaka minne ya kungoja London, mwaka 1938 alipandishwa meli hadi Mombasa, na kutoka hapo akashuka Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 22, mrefu kupita kiasi: futi sita na inchi sita. Urefu huo tuukumbuke, kwani utamtesa angani.

Tanganyika ya wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza kwa udhamini wa Shirika la Mataifa, baada ya Wajerumani kunyang'anywa katika Vita Kuu ya Kwanza. Shughuli zote za Shell katika nchi nzima zilikuwa mikononi mwa Waingereza vijana watatu, na Dahl alikuwa mmojawapo. Walikaa katika nyumba ya kampuni nje kidogo ya mji, karibu na bahari, wakipikiwa, wakifuliwa na kuandaliwa kila kitu na watumishi Waafrika. Kazi yake ilimpeleka safari ndefu za bara, kwenye mashamba ya mkonge na ya pamba na kwenye migodi, kuuliza nani anahitaji mafuta gani. Alijifunza Kiswahili, na miaka karibu hamsini baadaye, alipoandika kumbukumbu zake, maneno ya Kiswahili yalikuwa bado yamemkaa kichwani. Aliyaona maisha hayo kuwa mazuri kabisa. Sisi hatushangai: nani asingeyaona mazuri, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyepewa nyumba ya ufukoni na watu wa kumtumikia? Haki yake tumpe, hata hivyo. Katika kumbukumbu zake anawacheka wazungu wenzake wa koloni, na mambo yao ya ajabu, kuliko anavyowacheka wenyeji.

Tarehe 3 Septemba 1939 Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani. Dar es Salaam na mikoani walikuwako Wajerumani wengi, walowezi na wafanyabiashara, waliorudi miaka ya 1920 baada ya kuruhusiwa. Serikali ilihofu kwamba wangetoroka kwenda kusini, katika eneo la Wareno, au wangejipanga kuleta fujo. Hivyo vijana wa Kiingereza wa mjini walipewa vyeo vya haraka haraka, na Dahl, aliyekuwa hajapata kushika bunduki ya vita, akajikuta ameongoza kikosi kidogo cha askari wa King's African Rifles kuziba barabara iendayo kusini.

Askari hao walikuwa watu waliofunzwa kazi yao. Mkubwa wao alikuwa kijana wa mafuta. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba wao ndio waliojua la kufanya na kwamba yeye alikuwa akitegemea busara yao. Kwa maelezo yake, msafara wa Wajerumani ulifika, mkubwa wao akamtolea bastola, naye akaokolewa na askari mmoja aliyekuwa amejificha na kuwahi kufyatua. Katika vita hivyo Watanganyika zaidi ya 80,000 walichukuliwa jeshini, wakapelekwa Uhabeshi, Bukini na Burma. Na majina ya walio wengi hayajulikani nje ya ukoo wao.

Kisa kingine cha siku hizo kinamhusu mtumishi wake, ambaye Dahl anamwita Mdisho. Dahl aliandika kwamba usiku wa kutangazwa vita, Mdisho aliutwaa upanga wa Kiarabu uliotundikwa ukutani, akakimbia gizani hadi nyumba ya mlowezi mmoja Mjerumani mwenye shamba la mkonge, akamuua, na akarudi akijivuna, na kwamba bwana wake akamshauri anyamaze. Kabila la Mdisho ameliandika kwa tahajia ambayo haiko katika nchi yetu. Twadhani alikusudia kusema Mnyamwezi. Wachunguzi wa maisha ya Dahl wanakitilia shaka kisa hiki, na sisi tunajiunga nao. Kimekaa kama hadithi, si kama habari. Kina upanga, kina mbio za usiku, kina mtumishi mwaminifu asiyejua sheria za vita vya kizungu. Mtumishi wa namna hiyo alipatikana sana katika vitabu vya Waingereza wa zama zile, lakini Dar es Salaam penyewe hakuwa rahisi kuonekana.

Mwezi Novemba 1939 Dahl aliaga kampuni, akaingia katika gari lake kuukuu na kuendesha peke yake kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, umbali wa maili mia sita hivi za vumbi na vivuko, akiwatazama twiga na tembo njiani. Aliandikishwa katika Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza. Daktari alimtazama kwa mashaka kwa sababu ya urefu wake, lakini akampitisha.

Vijana waliojifunza pamoja naye Nairobi walikuwa kumi na sita. Walifunzwa kwa ndege ndogo aina ya Tiger Moth, yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na viti viwili vilivyo wazi. Kioo cha kukinga upepo kilitengenezwa kwa mtu wa kimo cha kawaida. Dahl alipoketi kichwa chake chote kilibaki juu ya kioo, na upepo wa rafadha ukampiga usoni hata asiweze kuvuta pumzi. Ikambidi kila mara ainame chini ya kioo apate hewa, kisha ainuke tena atazame mbele. Dawa aliyoipata ni kujifunga kitambaa chepesi cha pamba puani na mdomoni. Kwa hali hiyo, baada ya saa saba na dakika arobaini tu za mafunzo, aliruhusiwa kuruka peke yake. Aliyafurahia mno majuma yale. Alipita juu ya Bonde la Ufa, akashuka chini hadi wanyama wakaonekana wazi, na hakuna aliyemlenga risasi.

Hesabu ya wale vijana kumi na sita aliifanya mwenyewe miaka mingi baadaye. Kumi na watatu, asema, waliuawa angani katika muda wa miaka miwili.

Kutoka Nairobi walipelekwa Misri, kisha Iraki, kwenye kambi kubwa ya Habbaniya kando ya mto Furati, mahali pa joto la kuunguza. Huko akajifunza ndege nzito zaidi kwa miezi sita, na mwezi Agosti 1940 akapewa cheo cha afisa. Akapangwa katika Kikosi Na. 80, kilichokuwa kikipigana na Waitalia katika jangwa la mpaka wa Misri na Libya, kikitumia ndege aina ya Gladiator, ambazo nazo zilikuwa za mabawa mawili na tayari zilikwisha kupitwa na wakati. Katikati ya Septemba Waitalia walikuwa wamevuka mpaka na kufika Sidi Barrani.

Hapa ndipo penye jambo lililotufanya tuandike makala haya.

Tarehe 19 Septemba 1940 Dahl aliambiwa achukue Gladiator mpya na kuipeleka kikosini. Ndege ya namna hiyo hakuwa ameizoea. Alitua njiani kujaza mafuta, na katika kituo cha mwisho akapewa mahali kilipo kiwanja cha kikosi, jangwani kusini ya Mersa Matruh. Akaruka jioni. Alipofika mahali alipoelekezwa hakuona kiwanja, wala hema, wala mtu. Mchanga na mawe tu. Alizunguka huku na huku, jua likazama, mafuta yakaelekea kwisha. Akaamua kutua popote. Magurudumu yaligonga jiwe, ndege ikachoma pua ardhini, na uso wake ukajibamiza mbele kwa nguvu iliyovunja fuvu, ikabonyeza pua ndani na kung'oa meno. Macho yakafumba kwa uvimbe, akawa haoni. Tangi likashika moto. Alijifungua mikanda akajiburura nje, huku risasi za ndege yake mwenyewe zikilipuka kwa joto na kuruka ovyo pande zote.

Alipelekwa Mersa Matruh, kisha kwa treni hadi hospitali ya Iskandaria. Majuma mengi alikaa gizani bila kujua kama ataona tena. Pua yake ilijengwa upya na daktari bingwa aliyetoka London, na Dahl alipenda kusema kwa mzaha kwamba daktari huyo aliifananisha na pua ya Rudolph Valentino, mcheza sinema maarufu. Aliruhusiwa kutoka mwezi Februari 1941.

Sasa, ni nani mwenye kosa? Dahl alishikilia maisha yake yote kwamba alielekezwa vibaya, na kwamba uchunguzi wa jeshi ulithibitisha kuwa mahali alipotumwa palikuwa ardhi tupu kati ya majeshi mawili. Kumbukumbu ya kikosi inalieleza jambo hilo kwa namna nyingine: rubani alikuwa hajazoea kuruka juu ya jangwa. Kadhalika, katika kitabu chake cha uzeeni, alichokiandika mwaka 1986, anaonekana yu peke yake jangwani usiku ule. Hakuwa peke yake. Rubani mwenzake alikuwa akiruka naye katika Gladiator ya pili, akaiona ajali, akatua salama karibu, na akakaa naye usiku kucha katika baridi mpaka msaada ulipofika.

Kwa nini mtu amfute katika kumbukumbu zake aliyemlinda usiku wa kufa na kupona? Twaweza kumtetea kwa kusema kwamba alikuwa ameumia kichwa. Lakini katika hadithi alizoandika miaka ya vita, mwenzake huyo yumo, kwa jina la kubuni. Alimkumbuka, basi. Alichojua Dahl, na wasimulizi wote wanakijua, ni kwamba msikilizaji huguswa zaidi na mtu mmoja gizani kuliko wawili.

Madaktari walidhani asingeruka tena. Akakataa kurudishwa nyumbani, akang'ang'ania, na mwezi Aprili 1941 akapewa ndege ya kisasa aina ya Hurricane na siku chache za kuizoea, akaambiwa avuke bahari ya Mediteranea peke yake kwenda Ugiriki, ambako kikosi chake kilikuwa kimehamia. Alikunjwa katika kiti kile kwa zaidi ya saa nne, na alipotua Eleusis, karibu na Athens, misuli ilikuwa imekaza hata ikabidi atolewe kwa kuinuliwa. Mafundi wa pale walimpa habari kwamba ndege za Kiingereza za kivita zilizosalia katika Ugiriki yote zilikuwa kumi na tano hivi. Wajerumani walikuwa nazo mamia.

Siku zilizofuata alizipitisha katika hali ambayo sisi tulio chini twapata tabu kuifikiri. Hakuna aliyemfundisha kupigana angani. Aliamka asubuhi, akapanda juu, akakutana na ndege za kutupa mabomu za Kijerumani, akazifuata katikati ya milima karibu na Chalcis, akaangusha moja tarehe 15 Aprili na nyingine siku iliyofuata. Kisha ikaja tarehe 20 Aprili. Hurricane kumi na mbili, zote zilizoweza kuruka, zilipaa juu ya Athens pamoja, zikiongozwa na Pat Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini mwenye umri wa miaka 26, ambaye wengi wanamhesabu kuwa ndiye rubani wa kivita aliyeangusha ndege nyingi kupita wote katika jeshi hilo. Pattle alikuwa mgonjwa wa homa siku ile. Anga la Athens lilijaa ndege za Wajerumani kila upande. Dahl alieleza kwamba hakuwa na nafasi ya kulenga, bali ya kukwepa tu asigongane na mtu. Hurricane tano hazikurudi. Pattle alikuwa katika waliokufa, ameanguka baharini. Dahl alitua akiwa ameloa jasho, mikono ikimtetemeka hata asiweze kuwasha sigara.

Ugiriki ikaanguka. Marubani waliosalia wakaondolewa hadi Misri, na baadaye kikosi kikakusanyika Haifa. Mwezi Juni 1941 akaruka kila siku juu ya Lebanoni na Syria kupigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy. Lakini kichwa kilichovunjika jangwani kikaanza kudai. Maumivu makali yakamjia akiwa angani, na mara kadhaa akapoteza fahamu kwa muda mfupi katikati ya mapigano. Jeshi likamzuia kuruka. Ndege alizoangusha, ambazo zimethibitika, ni tano kwa uchache. Akarudishwa kwa meli kwa njia ndefu ya kuizunguka Afrika, akipita Durban, Cape Town na Freetown, hadi Liverpool. Mama yake, aliyekuwa akimwandikia barua kila juma tangu utotoni, nyumba yake ilikuwa imepigwa bomu, amehamia kijijini. Alikuwa akimngoja langoni basi lilipomteremsha. Umri wake ulikuwa haujatimia miaka 25.

Yaliyofuata yanajulikana, nasi tutayagusa tu. Mwaka 1942 alitumwa Washington katika ubalozi wa Uingereza. Mwandishi C. S. Forester alimwomba amweleze habari za vita ili aziandike gazetini. Dahl akaona bora aandike mwenyewe, na Forester akayapeleka maandishi bila kubadili kitu. Yalichapishwa Agosti 1942 katika gazeti la Saturday Evening Post, chini ya kichwa cha habari kilichosema kwamba rubani huyu alitunguliwa katika Libya. Hakutunguliwa, na wala haikuwa Libya. Yeye alilaumu gazeti. Lakini kazi ya uandishi ilianzia katika makala hayo, na mwaka 1946 akatoa kitabu cha hadithi kumi za marubani, ambamo Kenya imo pia.

Akaoa mwaka 1953, akapata watoto watano. Mwanawe mchanga aligongwa na teksi New York mwaka 1960, maji yakamjaa kichwani, na Dahl akashirikiana na fundi mmoja na daktari wa upasuaji kutengeneza kijibomba cha kuyatoa. Chombo hicho kilitumika kwa maelfu ya watoto. Mwaka 1962 binti yake Olivia, mwenye umri wa miaka saba, alikufa kwa surua, na katika miaka ya 1980 baba huyo aliwaandikia wazazi wote akiwasihi wachanje watoto wao.

Haifai tufiche mabaya. Katika chapa ya kwanza ya kitabu cha chokoleti, mwaka 1964, wafanyakazi wa kiwanda walikuwa mbilikimo weusi walioletwa kutoka msitu wa Afrika, wakalipwa kwa kakao, nao wakashukuru. Watu walilalamika, na katika chapa za miaka ya 1970 akawageuza weupe. Mtu aliyeokolewa na askari Mwafrika barabarani kusini ya Dar es Salaam angepaswa kujua zaidi. Juu ya Wayahudi alisema maneno ya chuki hadharani mwaka 1983, na mwaka 2020 familia yake iliomba radhi kwa hayo.

Alifariki Oxford tarehe 23 Novemba 1990, mwenye miaka 74, akazikwa katika kijiji cha Great Missenden. Jamaa zake walimwekea kaburini penseli, chokoleti, chupa ya mvinyo na fimbo zake za kuchezea mipira ya mezani.